Siri ya Chui

Asubuhi, mihogo inapoanikwa katika nyua za Kazimia, paka wa nyumbani huonekana akiwinda. Kifaranga mmoja ameachana na mama yake, anadonoa makombo karibu na jiko. Paka amelala kivulini kama asiye na shughuli. Ghafula masikio yake yanasimama. Anashusha tumbo mpaka linagusa udongo, anatanguliza mguu mmoja, kisha wa pili, polepole sana. Kifaranga akiinua kichwa, paka hutulia kama jiwe, hata kama mguu mmoja ungali hewani. Kifaranga akiinama tena, paka husogea. Mwisho viuno vyake hutikisika kidogo, na hapo huruka.

Lakini mara nyingi mama kuku humwona kwanza. Hulia kwa sauti kali, hutanua mabawa, na kuku wa jirani huitikia. Paka naye? Harukii tena, wala hakimbii. Huketi na kuanza kulamba mguu wake, kama mtu aliyeulizwa deni akajifanya kiziwi.

Mtoto aliyeyaona hayo ameona kwa udogo kazi yote ya chui na simba, maana wanyama hawa ni jamii moja na paka. Mwenyezi Mungu amewaumba kwa umbo linalofanana, na umbo lenyewe linaonyesha namna wanavyopata chakula chao.

Vyombo vya mwindaji

Makucha ya paka hukaa ndani ya ala, kama kisu. Anapotembea yamerudi ndani, hayagusi ardhi; kwa hiyo hayaishi ukali wala hayatoi sauti. Mbwa akipita juu ya sakafu ya saruji, kucha zake husikika. Paka akipita, hakuna anayejua. Chini ya vidole vyake kuna nyama laini inayomeza kishindo cha hatua. Chui na simba wana makucha na nyayo za namna hiyo hiyo. Duma ni tofauti kidogo. Makucha yake hayaingii ndani vizuri, nayo humsaidia kushika ardhi akikimbia, kama viatu vya mchezaji wa mpira vyenye meno.

Macho ya paka yanatazama mbele, yote mawili pamoja, ili yapime vema umbali uliopo kati yake na windo. Ndani kabisa ya jicho kuna utando unaong'aa kama kioo. Mwanga kidogo wa usiku ukiingia, utando huo huurudisha, na jicho hupata kuutumia mara ya pili. Ndiyo sababu macho ya paka huwaka yanapopigwa na tochi.

Mbuzi, swala na punda milia wameumbwa kinyume. Macho yao yako kandokando ya kichwa. Tena mboni ya jicho la mbuzi si mviringo kama ya mtu, bali imelala kama tundu la kutilia sarafu katika sanduku la sadaka. Kwa macho ya namna hiyo mbuzi huona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani na Uingereza walieleza jambo la ajabu: mbuzi anapoinamisha kichwa ili ale, macho yake huzunguka katika matundu yake, hata mboni ibaki imelala sawasawa na ardhi. Anayetaka kusadiki na amwendee mbuzi wa kwao, amtazame kwa makini anaposimama na anapokula majani.

Basi, mwindaji amepewa vyombo vya kufika karibu bila kujulikana, na mwindwaji amepewa vyombo vya kumjua kabla hajafika. Mashindano yao yamo hapo.

Chui wa msitu

Kila Mkongo analijua jina la chui. Kichwa chake kimo katika nembo ya taifa, na timu ya taifa ya mpira, iliyokwenda kwenye Kombe la Dunia mwaka 1974, inaitwa kwa jina lake. Kwa Warega, ambao ni jirani za Babembe, meno ya chui yalikuwa pambo la wakubwa wa chama cha Bwami. Hata hivyo, watu waliomwona chui msituni kwa macho yao ni wachache. Wengi wameona nyayo zake tu katika matope, au manyoya ya windo lake, naye mwenyewe alikwisha kwenda.

Chui dume aliyekomaa huwa na uzito kama wa mtu mzima. Jike ni mwepesi zaidi. Huwinda peke yake, hasa usiku, lakini penye msitu mnene huwinda mchana pia. Hachagui sana. Hula swala wadogo wa msituni, nguruwe mwitu, kima, ndege na panya, na akiwa na njaa hata samaki na wadudu wakubwa.

Watu wengi hudhani kwamba chui hushinda kwa mbio. Sivyo. Swala akianza kukimbia akiwa mbali, chui hampati. Kazi yake hasa ni kunyemelea. Hutumia kila kichaka, kila shina, kila bonde dogo, na madoa ya ngozi yake hufanana na mwanga wa jua unaopita kati ya majani. Aweza kutumia muda mrefu kwa kupita mahali ambapo mtu angepita kwa dakika moja. Hataki kuruka mpaka afike hatua chache tu kutoka kwa windo. Akiruka na kulikosa, hulifukuza kidogo, halafu huacha. Akilipata, huuma koo na kushika mpaka pumzi ikatike. Nyikani, walipo simba na fisi ambao humnyang'anya, hupandisha nyama mtini. Aweza kupandisha mzigo mzito kuliko yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nguvu kubwa ya chui si meno, wala si mbio. Nguvu yake ni siri. Siri ikivunjika kabla hajaruka, kazi yake ya saa nzima imeharibika, naye atalala na njaa au ataanza upya mahali pengine.

Wanyama wanaowindwa wanalijua jambo hilo, si kwa kufundishwa shuleni, bali kwa maumbile waliyopewa na kwa kuwaiga wakubwa wao. Wako wanaojibu siri kwa siri. Okapi ni mnyama asiyepatikana mahali pengine duniani ila katika misitu ya Kongo, hasa Ituri, na adui yake mkubwa kati ya wanyama ni chui. Mtoto wa okapi hana mbio za kutosha. Mama yake humwacha amelala katika maficho kwa siku nyingi, akija kumnyonyesha tu. Na watu waliofuga okapi wameona kwamba mtoto huyo hukaa mwezi mmoja au zaidi tangu kuzaliwa bila kutoa mavi. Jambo hilo laweza kuwachekesha watoto, lakini lina maana kubwa. Palipo na mavi pana harufu, na palipo na harufu chui hupaona kwa pua.

Wanyama wengine, badala ya kujificha, hupiga kelele.

Kelele za tumbili

Mtu anayepita karibu na msitu na kusikia tumbili wakilia kwa ghasia hudhani kwamba wana hofu tu, wamerukwa na akili. Wataalamu wawili, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney, walitaka kujua kama ndivyo. Walikwenda Amboseli, katika nchi ya Kenya, wakakaa na tumbili siku nyingi. Waligundua kwamba sauti ya hofu si moja. Tumbili akimwona chui hutoa sauti moja. Akimwona tai hutoa sauti nyingine. Akimwona chatu hutoa sauti ya tatu.

Ili wapate uhakika, walinasa sauti hizo, wakaficha kipaza sauti kichakani, wakazipiga wakati hapakuwa na adui yeyote. Tumbili waliosikia sauti ya chui walikimbilia mitini, hasa wakienda kwenye matawi membamba ambako chui mzito hawezi kufika. Waliosikia sauti ya tai walitazama juu, au walijitupa vichakani. Waliosikia sauti ya nyoka walisimama kwa miguu miwili na kuchungulia majani yaliyo chini yao. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1980, na watu wengi wa elimu walishangaa, kwa sababu walizoea kufikiri kwamba wanyama hulia tu, hawasemi neno.

Watoto wa tumbili hukosea. Kitoto hutoa sauti ya tai kwa sababu ya njiwa, au hata kwa sababu ya jani linaloanguka kutoka mtini. Wakubwa hutazama juu, wakiona ni jani tu hawaitikii. Lakini kitoto kikimwona tai kweli, wakubwa nao hulia sauti ile ile, na hivyo kitoto hujifunza.

Sauti hiyo, basi, huwaonya wenzake. Lakini hiyo si kazi yake yote. Huko magharibi mwa Afrika, katika msitu wa Tai wa nchi ya Kodivaa, wataalamu waliwafunga chui shingoni ukanda wenye chombo kidogo cha redio, ili wajue kila mara wako wapi. Waliona kwamba chui hulala mafichoni karibu na kundi la kima, akingoja mmoja ashuke. Kima wakimgundua na kulia kwa nguvu, chui huinuka akaenda zake, mapema kuliko kama asingeonekana. Kima huwaambia wenzao, “Chui yupo”, lakini pia humwambia chui mwenyewe, “Tumekwisha kukuona.” Na chui husikia.

Mtu mwenye mashaka aweza kuuliza: Labda chui huudhika na kelele tu? Jibu lilipatikana katika msitu ule ule. Kima wa huko huwindwa pia na sokwe, tena na watu. Sokwe hawategemei siri. Hupanda mtini, hufukuza kutoka tawi hadi tawi, na kelele za kima huwaonyesha mahali walipo. Mtu naye ana bunduki, aweza kuua kutoka mbali. Basi kima hufanyaje wakisikia sokwe au mtu? Hunyamaza kimya kabisa, wakaondoka polepole katika majani ya juu. Kima wale wale wanaompigia chui makelele humfungia sokwe midomo yao. Anayewinda kwa siri hutangazwa. Anayewinda kwa kufukuza hufichwa.

Ng'ambo ya ziwa

Sokwe wenyewe hawasalimiki na wanyama wa jamii ya paka. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, kusini ya Kigoma, kuna milima ya Mahale. Wataalamu wa Japani wamewachunguza sokwe wa huko tangu mwaka 1965. Chui wapo Mahale, na mwaka 1989 simba nao walionekana. Wataalamu walipochunguza mavi ya simba hao walikuta ndani yake nywele na mabaki ya sokwe. Hapo ndipo ilipojulikana kwa hakika mara ya kwanza kwamba simba hula sokwe.

Lakini sokwe wakimgundua chui kwanza, mambo hugeuka. Katika miaka ya 1980 sokwe wa Mahale walikuta pango alimokuwamo chui jike na mtoto wake. Walikusanyika mbele ya pango wakilia kwa ghasia kubwa. Mmoja akaingiza mwili, akamtoa mtoto wa chui, nao wakampiga na kumuuma mpaka akafa. Habari hiyo inasikitisha. Yaonyesha, hata hivyo, kwamba mnyama anayeogopwa na wote usiku hawezi kitu mbele ya kundi la mchana lililokwisha kumwona.

Simba wa nyika

Katika Kongo simba hapatikani tena mahali pengi. Wapo katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na katika Hifadhi ya Garamba huko kaskazini. Kazi yao imechunguzwa zaidi Serengeti, Tanzania. George Schaller, mtaalamu wa wanyama, alikaa huko kuanzia mwaka 1966 mpaka 1969, akiwafuata simba mchana na usiku.

Simba huishi kwa ukoo, nao husaidiana. Schaller aliona kwamba simba aliyewinda peke yake alipata nyama kama mara 1 katika mara 6. Walipokuwa wawili au zaidi walipata karibu mara 1 katika mara 3. Yaani hata mfalme wa nyika hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Mbio zake zafikia kilomita 50 au 60 kwa saa, tena kwa kitambo kifupi tu, na swala wengi humpita. Naye pia, kama chui, hana budi kufika karibu kwanza. Huko Namibia, katika Hifadhi ya Etosha, ilionekana kwamba simba jike hugawana kazi: baadhi huzunguka pembeni, wengine hujilaza katikati wakingoja, na windo likikimbia wale wa pembeni huangukia midomoni mwa hawa. Wavuvi wanaovuta wavu wa ufukoni, kundi moja kila upande, watalielewa jambo hilo upesi.

Schaller aliona pia jambo ambalo wawindaji wazee wa vijijini hawatapenda kulisadiki. Mwindaji hodari hutazama kwanza upepo, asije akapeleka harufu yake kwa mnyama. Simba hatazami upepo. Akiwa upande ambao upepo hautoi harufu yake, hupata zaidi. Lakini hachagui upande huo kwa makusudi. Kama angejua kutazama upepo, swala wa Serengeti wangekuwa na shida kubwa zaidi.

Na ngurumo ya simba, inayosikika kilomita nyingi usiku, si sauti ya kuwinda. Simba hunguruma ili simba wengine wajue nchi ni ya nani, na ili ndugu zake wajue alipo. Anayewinda amenyamaza.

Wanyama wa nyika hawana miti ya kukimbilia. Hukaa pamoja, ili macho yawe mengi. Mmoja akila, mwingine ameinua kichwa. Watoto wa Kazimia wameyaona hayo majini: ndagala huenda kundi kubwa na kugeuka wote mara moja mikebuka anapowajia, hata asijue amshike yupi. Punda milia na nyumbu hufanya vivyo hivyo. Nyati hufanya zaidi. Ndama akilia, nyati wakubwa hurudi pamoja wakiwa wameinamisha pembe, na simba aliyekuwa mwindaji hulazimika kupanda mti.

Tena swala anayemwona simba au duma akitembea mahali peupe mara nyingi hakimbii. Husimama, hukaza macho, wakati mwingine hata humfuata kwa mbali. Mgeni husema swala huyo ni mjinga. Kumbe simba anayeonekana si hatari sana; hatari ni simba ambaye hajulikani alipo. Na swala tomi, akifukuzwa, hurukaruka juu kwa miguu iliyonyooka, kana kwamba anacheza ngoma badala ya kukimbia. Wataalamu waliochunguza mchezo huo Serengeti wamesema kwamba ni ujumbe kwa mwindaji: “Nimekuona, tena nina nguvu nyingi, usijisumbue.” Duma, ambaye aweza kukimbia karibu kilomita 100 kwa saa lakini kwa mita 300 hivi tu kabla ya kuishiwa pumzi, mara nyingi huacha kumfukuza swala wa namna hiyo.

Mbuzi wa kijiji

Mbuzi wa nyumbani wamesahau mengi. Kwa miaka elfu nyingi mtu amewalinda, naye Daudi, kabla ya kuwa mfalme, alipigana na simba kwa ajili ya kondoo za baba yake. Usiku wamefungwa zizini, hawana pa kukimbilia, na kilio chao hakimwondoi chui kama hakuna mtu anayeamka.

Chui mwenye chakula msituni hana haja ya kuja kijijini. Lakini mitego ya waya ikimaliza swala na nguruwe, chui hufuata mbuzi. Mwaka 2016 sehemu ya misitu ya Fizi ilifanywa kuwa Hifadhi ya Ngandja, na sheria ya Kongo inakataza kumwua chui. Kwa hiyo mwenye mbuzi anahitaji akili kuliko mkuki. Zizi la miti iliyokazana, lenye paa, humzuia chui aliye hodari wa kuruka. Vichaka vilivyo karibu na zizi hukatwa, maana kichaka ndicho mlango wake. Mbuzi hurudishwa kabla ya giza, wala mtoto hatumwi peke yake kuwatafuta waliobaki. Mtoto akikutana na chui hakimbii, kwa sababu kinachokimbia hufukuzwa. Husimama wima, husema kwa sauti kubwa, na kurudi nyuma polepole. Watu wanaopita njia ya msituni wakizungumza humpa chui nafasi ya kuondoka, naye kwa kawaida huondoka.

Wafugaji wa Botswana walisaidiwa na rangi. Huko, karibu na mto Okavango, wataalamu waliwachora ng'ombe macho mawili makubwa juu ya matako. Walitaka kujua kama simba anayenyemelea kwa nyuma atadhani ameonekana. Kwa miaka minne walihesabu. Kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho, hakuna hata mmoja aliyeuawa na simba au chui. Kati ya ng'ombe 835 wasiochorwa, 15 waliuawa. Wengine 543 walichorwa alama ya msalaba tu, na kati yao 4 waliuawa. Habari hizo zilitolewa mwaka 2020. Rangi ile haikuwa na sumu wala harufu kali. Ilikuwa sura ya jicho tu.

Na huko Kenya, kando ya Hifadhi ya Nairobi, alikuwako mtoto wa Kimasai jina lake Richard Turere. Akiwa na miaka tisa alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakivuka kutoka hifadhini usiku na kuwaua. Kwanza alijaribu moto. Haukufaa, ulikuwa kama unawaangazia simba njia ya zizi. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walikuja, wakaiona, wakarudi. Usiku wa pili walikuja tena, wakaona haijasogea hata kidogo, wakaingia na kuua. Ndipo siku moja alipozunguka zizi akiwa na tochi mkononi, na usiku ule simba hawakuja kabisa. Kijana akafikiri: Simba wanaogopa mwanga unaotembea.

Alitafuta betri kuukuu ya gari, kidude cha pikipiki kinachowasha na kuzima taa za kugeukia, balbu za tochi zilizovunjika, na kioo cha kuvuta umeme wa jua. Akaziunga taa kuzunguka zizi zikitazama nje, ziwake na kuzimika moja baada ya nyingine. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13 hivi, aliitwa Marekani kueleza kazi yake mbele ya mkutano mkubwa, na jirani zake walikuwa wamekwisha kumwomba awafungie taa kama hizo. Usiku simba walikuja mpaka kwenye majani marefu, wakatazama. Waliona mtu mwenye tochi anazunguka zizi bila kuchoka. Kumbe kijana alikuwa amelala kitandani mwake.

Maswali

1. Kwa nini makucha ya paka hayasikiki anapotembea?
2. Mboni ya jicho la mbuzi ina umbo gani, nalo humfaa nini?
3. Tumbili wa Amboseli hufanya nini wakisikia sauti ya chui? Na wakisikia sauti ya tai?
4. Kima wa msitu wa Tai humpigia chui kelele, lakini humnyamazia sokwe. Eleza sababu.
5. Kwa nini sanamu ya mtu iliwazuia simba usiku wa kwanza, isiwazuie usiku wa pili?
6. Kazi ya nyumbani: Mwangalie paka anayewinda. Andika mistari sita ukieleza alivyofanya tangu mwanzo mpaka alipopata au alipokosa.